Kidonge Kilichokataa

Yule bwana wa kampuni alikuja na nyundo.
Ukumbini Al-Khuwair, baada ya chai na sambusa,
aliweka kidonge kipya juu ya kigae
akakipiga mara tatu, kwa adabu, kama anayebisha hodi.
Hakikupasuka. Kilibonyea tu,
kikawa bapa kama baisa iliyokanyagwa na gari.
"Hakisagiki," akasema. "Na ukikitia maji
kinageuka ute, kama bamia."
Wafamasia wakapiga makofi.
Nami nilipiga, lakini mikono yangu
ilikuwa mahali pengine,
imeshika kinu cha mama.

Kinu cha shaba, kidogo, cha hiliki.
Kilitoka Unguja ndani ya furushi la nguo za mtoto,
kikakaa Wadi Kabir, kikahamia Mabela na sisi,
na kazi yake ilikuwa moja.
Mpaka mwaka ule Mundhir alipopinduka na gari njia ya Ibri,
wakamtia vyuma mgongoni,
wakampa vidonge vya kuyeyuka polepole,
kimoja saa kumi na mbili.
Mundhir hakuwa na saa kumi na mbili.

Hatukumkamata sisi. Kahawa ilimkamata.
Alfajiri moja mama alimimina, akaonja, akatema:
"Nani katia shubiri kwenye hiliki?"
Mimi ndiye niliyesomea dawa miaka mitano.
Nilikinusa kinu, nikanyamaza.
Kunyamaza nako kulikuwa dozi,
na nilimpa kila siku, mwaka mzima.

Sasa niko dirishani, zamu ya usiku.
Zuweina, bintiye Bi Shinuna, anakuja na tishu mkononi,
anaifungua kama anayeonyesha jino la mtoto:
kidonge, bapa, kina alama za mchi.
"Dada, hiki kimekataa.
Mama koo limefunga, hata mate anayatema.
Cha zamani nilikuwa nakisaga, namtilia kwenye laban."
Nashtuka: hata cha zamani hakikuwa cha kusagwa,
dawa ya siku nzima ingemshukia kwa mpigo.
"Sikuambiwa," anasema. "Nilichokiona ni kwamba alilala."

Namweleza kwamba mlango umefungwa kwa sababu ya mwizi.
"Sawa. Na mwenye nyumba aliyebaki nje,
apitie wapi?"

Kuna dawa ya maji. Kuna fomu ya waridi, mihuri mitatu,
na mwenye muhuri wa tatu yuko Salalah, msimu wa mvua.
Napiga simu. Inalia mpaka inachoka.
Napiga tena.

Sitasema uongo: kidonge kile
ningekitaka miaka sita nyuma.
Labda kaka yangu angekitwanga, akashindwa,
akalala na maumivu yake peke yake.
Labda angehamia kwa wale aliowajua Hamriya,
ambao mali yao haina kijikaratasi cha maelezo.
Watu wanahesabu walioacha kusaga.
Waliohama, nani ana daftari lao?

Saa nane na robo daktari anapokea,
sauti yake imejaa usingizi.
Muhuri unafika kwa picha ya simu, umepinda.
Nampa Zuweina chupa na bomba lisilo na sindano,
namwonyesha mstari kwa ukucha: hapa, usivuke hapa.
Anaondoka mbio. Tishu anaisahau kaunta.

Kanuni inasema dawa iliyorudishwa
iandikwe, kisha iharibiwe.
Nimeiandika.
Iharibiwe kwa nini, nyundo ilikwisha shindwa?

Nyumbani, Mundhir ana mwaka wa pili bila kitu,
anafunga matairi Barka, mgongo unamuuma, anasema unamuuma.
Mama amekisugua kinu kwa ndimu na majivu
hadi unaweza kujiona sura.
Anatwanga, anachemsha, anamimina.
Kikombe cha kwanza hampi mtu.
Anaonja yeye, anangoja kidogo,
ulimi umetulia mdomoni,
ndipo anatupitishia.